Mwani Mwekundu na Kipimo cha Mdomoni

Mwaliko ulinikuta nikimkata kucha kikongwe mmoja wa hapa Buffalo ninayemhudumia kila asubuhi. Ulisema Daktari Lorna amefariki, na wanafunzi wake wa zamani watakutana Jumamosi kule Columbus, kwenye maabara yake, wamkumbuke. Nikasoma mara mbili, nikarudisha simu mfukoni, nikamaliza mguu wa pili wa yule bibi. Kazi ni kazi. Lakini Jumamosi asubuhi nilikuwa barabarani, saa tano na ushee za kuendesha gari, nikijiuliza naenda kumlilia nani hasa, maana Daktari alikuwa amekula chumvi nyingi na ameishi alivyotaka. Pale maabara watu waliongea vizuri. Mmoja alisema Daktari alimfundisha subira, mwingine akasema alimfundisha kushika wembe. Tulikula biskuti na jibini tukiwa tumesimama. Halafu mwanamume mmoja mwenye kipara, ambaye zamani tulikaa meza moja, akaniuliza mbele za watu: "Jenerosa, wewe ndiye ulikuwa na mkono mzuri kuliko sisi wote. Kwa nini uliacha?" Nikamjibu, mambo ya familia. Akaitikia kwa kichwa kwa huruma kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa lolote, na siku ile sikutaka aelewe. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusema mambo ya familia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa najiona, sitawaficha. Msichana aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ambaye bahari hajaiona hata kwa mbali, leo ana funguo za maabara ya mwani! Nani angenikamata? Mama alikuwa Louisville, huko Okolona, akienda kila siku kufunga maboksi kwenye kiwanda kimoja cha Jeffersontown. Mimi nilisoma chuo Columbus kwa ufadhili, na nilikaa Westerville nyumbani kwa Daktari Lorna, kwenye chumba cha chini chenye dirisha moja dogo usawa wa majani ya bustani. Mlikuwa na kitanda cha chuma, mashine ya kukausha unyevu iliyonguruma kutwa, na rafu ya mitungi ya mwani uliolowekwa tangu sijazaliwa. Kodi yangu ilikuwa kupika mara mbili kwa wiki. Nilimpikia ugali na maharage ya mawese. Aliula ule ugali kwa uma, Mungu amrehemu, kitabu kikiwa wazi kando ya sahani, na kila mara aliuliza, "Hii inaitwaje tena?" Namtajia, anarudia taratibu, anakosea, tunacheka. Nilimpenda yule mama. Nasema mapema kwa sababu huko mbele nitasimulia nilivyomfokea.

Nyumbani hawakuielewa kazi yangu na hawakujifanya wanaielewa. "Unasomea majani ya baharini?" Mama aliniuliza kwenye simu. "Kwani yanaliwa?" Nikamwambia mengine yanaliwa. "Na wewe unayala?" Hapana, Mama, nayakata. Akasema, "Haya. Kata salama, usijikate kidole." Kaka yangu Yona, aliyekuwa bado kambini, alifanya mzaha wa kila aina. Akipiga simu alianza yeye kuniamkia, mimi mdogo wake: "Shikamoo, Profesa wa majani!" Nikimwambia aache utani mbaya, anasema hawezi kuthubutu kumkosea adabu mtu mwenye hadubini. Yona alibaki kwa sababu ya kijinga kabisa. Siku maofisa walipokuja kutuhesabu kwa ajili ya safari ya Marekani, yeye alikuwa ametoroka kambini kwenda kutafuta vibarua mjini, na orodha ikafungwa bila jina lake. Tulidhani Mama akimwombea atatufuata baada ya miezi michache. Ikapita miaka mitano. Na sasa ilibaki chini ya mwaka mmoja afikishe ishirini na mmoja, na akishafikisha umri huo bila kukubaliwa, mzazi haruhusiwi tena kumwita kama mtoto. Hilo tulilijua sote kama tunavyojua tarehe ya Krismasi.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Kimoja kilijaa makabati ya chuma, na ndani yake karatasi maelfu, kila karatasi imegandamizwa mwani mkavu na lebo ya mahali ulipookotwa. Kingine kilikuwa cha mashine. Kazi yetu, ukiondoa majina marefu, ilikuwa kujua nani ni ndugu wa nani. Mwani mwekundu ni mlaghai. Unaweza kuweka karatasi mbili mezani, majani mapana mekundu yanayofanana kama mapacha, na kumbe ukoo wa huyu na ukoo wa yule zimeachana tangu zamani mno. Kwa hiyo tulikuwa na njia mbili za kuuliza. Ya kwanza ni vinasaba: unakata kipande kidogo kama kucha ya mtoto, unasaga, unapitisha kwenye dawa na mashine, unapata mstari wa herufi, unaulinganisha na mingine. Ya pili ni ya kizee, ya wembe. Unaloweka kipande, unakikata vipande vyembamba hata maganda ya vitunguu ni manene zaidi, unatia rangi ya buluu, unaangalia kwa hadubini jinsi seli zilivyojipanga. Wenzangu waliikimbia ile ya wembe. Mimi niliipenda. Mkono uliozoea kuchambua mchele wa msaada hauchoki upesi.

Siku moja Daktari aliniita nichungulie kwenye hadubini yake. "Tafuta ile seli kubwa, imejaa, iko pembeni," akasema. Nikaiona. Akaniambia hiyo ni seli mlezi. Kwa mwani mwekundu wa aina nyingi, yai likishatungwa halikui pale lilipotungwa. Kiini chake hupelekwa kwenye seli nyingine, ya jirani, na hiyo ndiyo hukilisha mpaka kitoe mbegu. Kuna mwani ambao seli mlezi huwa iko tayari, inasubiri. Kuna mwingine ambao haitokei hadi yai litungwe, ndipo inajitenga na kuja kulea. Na wataalamu wa zamani, akasema, kabla ya mtu yeyote kujua kusoma vinasaba, walizipanga koo za mwani huu kwa kuangalia jambo hilo zaidi ya yote: nani analea, na anaanza lini. "Na walipatia?" nikauliza. "Mara nyingi," akasema. "Si mara zote." Mimi niliishika hiyo si mara zote. Ndiyo iliyonikaa.

Maana majira yale ya vuli nilipata ushindi wangu. Kabati moja lilikuwa na boksi la majani mekundu yaliyoandikwa jina moja kwa miaka na miaka. Nikasaga vipande, herufi zikaja, na zikasema waziwazi kwamba lile boksi lina koo mbili tofauti zilizokaa pamoja kwa makosa. Nikarudi kwa wembe, nikakata wiki mbili mfululizo, na nikaona: kwa hawa seli mlezi ilikuwepo kabla, kwa wale ilikuja baadaye. Daktari alinikumbatia, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia. Nikaandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa, VINASABA HAVIDANGANYI. Akaona, akavua miwani. "Havidanganyi, Jenerosa. Lakini vinajibu swali lile tu ulilouliza." Nikasema ndiyo Daktari, na sikusikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimetenganisha koo mbili.

Krismasi nilienda Okolona. Nakumbuka ile sebule: makochi mawili ya kupewa yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, boksi la mchele chini ya meza, harufu ya dagaa na sabuni ya unga. Kwenye kabati la vyombo palikuwa na bahasha ya ofisi ya uhamiaji, imekunjwa mara nne. Ilikuwa imekaa pale tangu Septemba. Ilisema mwombaji na mtoto wafanye kipimo cha vinasaba kuthibitisha uzazi, na ndani mlikuwa na fomu ya kujaza. Miezi mitatu! Na Mama hakuwa mzembe wa barua. Kila karatasi ya Yona aliibeba kama yai. Niliguna tu, nikangoja kula kuishe. Tulikula ndizi na nyama, sisi na Maman Feza, rafiki yake wa Kongo aliyefanya naye kazi kiwandani. Kisha nikaenda kuoga. Nilipotoka na taulo kichwani niliwasikia jikoni wakiongea kwa sauti ya chini huku wanaosha vyombo.

"Bon, Mama Yona, umuambie huyu mutoto wako," Maman Feza alisema. "Donc hii kipimo haiogopake mutu. Itasema yote."

"Niliapa," Mama akasema.

"Uliapa kwa nani? Ule mutu alishakufa zamani."

"Ndiyo hivyo. Angekuwa hai ningemwomba anisamehe."

Nimeyarudia maneno hayo matatu manne kwa miaka yote hii, na bado naumia jinsi nilivyoyaelewa upesi na vibaya. Kambini watu waliogopa kupimwa damu. Uliingia kliniki kwa homa, ukatoka na jina baya, majirani wakaacha kuazima sufuria yako. Nikajua basi: Mama ana ugonjwa, au anadhani anao, na anaogopa damu yake itamsema. Nikamwonea huruma, nikajiona mkubwa kuliko yeye. Kesho yake asubuhi, akinywa chai, niliweka ile bahasha mbele yake.

"Mama, unaogopa nini? Kipimo hiki hakidanganyi. Mimi ndiyo kazi yangu."

"Sijasema naogopa."

"Hawachukui damu. Hawaangalii ugonjwa wowote. Ni pamba tu, wanakusugua ndani ya shavu. Wanachukua mate."

Akaweka kikombe chini. "Mdomoni?"

"Mdomoni."

"Na Yona naye, mdomoni?"

"Naye mdomoni, Mama. Wanalinganisha."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona tena uso wa mtu ukifunguka namna ile. Akacheka peke yake, akajifuta macho kwa pindo la kitenge, akasema, "Basi. Kumbe ni mdomoni. Twende hata leo." Nikachukua kalamu nijaze fomu, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani tu. Palikuwa na viboksi viwili: mtoto wa kuzaa, mtoto wa kulea. Sikumsomea. Kwa nini nimsomee? Tangu nimezaliwa watu wote walimwita Mama Yona. Nikatia tiki kwenye cha kwanza, nikampa asaini, akasaini akiwa bado anatabasamu. Siku ya kupimwa alivaa gauni la kanisani, na alipiga mswaki mara mbili.

Majibu yalikuja mwezi wa tatu. Nilishuka Louisville kwa basi ili nimsomee barua kwa mdomo wangu, kwa sababu nilitaka kuwa mimi wa kumpa habari njema. Nikaifungua nimesimama. Nikasoma mstari wa katikati, nikausoma tena. Ulisema mwanamke huyu si mama mzazi wa mtu huyu. Nikamtafsiria. Nilidhani atapiga kelele kwamba wamekosea, na mimi nilikuwa tayari kupigana nao, niwaeleze vile sampuli zinavyochanganyika. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi kwa taratibu, akasema, "Lakini alinyonya."

"Nani alinyonya, Mama?"

"Alinyonya mwaka mzima. Maziwa yangu. Kwa mdomo ule ule waliousugua. Itakosekanaje?"

Hapo ndipo nilipojua. Walipokuwa wanakimbia Burundi, mimi sijazaliwa, mtoto wake wa kwanza alimfia njiani, na kifua kikiwa bado kimejaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakata roho kando ya barabara alimpa mtoto wake mchanga. Alimwambia, ukimpa ziwa ni wako, na usije ukamwambia mtu alikuwa wa nani, asije akawa yatima mara mbili. Kwetu ndivyo ilivyo hata bila kiapo. Mtoto akishanyonya kwako haulizwi alikotoka, na kumtaja mama wa kwanza ni sawa na kumtoa nje na kufunga mlango. Mama alikuwa amefunga mdomo miaka ishirini, hadi ile bahasha ilipomlazimisha kumnong'oneza Maman Feza. Aliogopa damu kwa sababu alijua damu si yake. Mimi nikamwambia ni mate, na kwenye mate aliamini yamo yake. Binti yake mwenye hadubini alimhakikishia. Ee Mungu wangu, na nilikuwa nimevimba kichwa kiasi gani nikimhakikishia!

Mwanasheria wa kujitolea alitupokea chumba cha nyuma cha kanisa, akasoma makaratasi yote kwa makini. Akasema kama tangu mwanzo tungeandika mtoto wa kulea, tukaleta mashahidi wa kambini na kadi ya chakula yenye majina yao wote, pengine, alirudia, pengine tu, pangekuwa na mlango. Sasa imeandikwa kwamba Mama alitoa maelezo ya uongo kwa saini yake. Kile kitiki kimoja. Mama aliuliza kwa Kiswahili anasema nini. Nikamwambia anasema tusubiri. Hilo nalo nililisema mimi.

Nilirudi Westerville nikamweleza Daktari Lorna jikoni, viazi vikichemka. Alisikiliza hadi mwisho, akazima jiko. Akasema kwa upole kwamba ofisi imeuliza swali moja tu na imepata jibu la swali hilo, na kwamba yeye atawaandikia. Akaandika kweli, kurasa mbili, zimechapwa vizuri. Alieleza kwamba sayansi nzima ya mwani mwekundu ilijengwa kwa kumtambua mlezi, na kwamba nasaba bila malezi ni nusu ya ushahidi. Nikaisoma ile barua mbele yake na kitu kikanipanda kichwani. "Unawaandikia habari za mwani?" nikamfokea. "Kaka yangu ni mtu! Si karatasi kwenye kabati lako!" Alichukua barua, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha, akaenda kuituma hata hivyo. Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja: imepokelewa. Hakuna zaidi ya hapo. Leo najua alikuwa mtu pekee aliyefanya kitu, na sikumwomba radhi. Nilimaliza muhula nikikata vibaya, nikaharibu majani ambayo hayatapatikana tena, na mwezi wa tano nikabeba begi langu nikaondoka Columbus, nikaenda kukaa kwa Mama.

Yona aliambiwa kabla hatujapata ujasiri wa kumwambia. Alipiga simu siku ya Jumanne alfajiri, na hakuniamkia. "Waliniita ofisini," akasema. "Kulikuwa na watu kwenye benchi, majirani zetu. Karani akasoma kwa sauti. Akaniuliza mimi ni nani basi. Jenerosa, ulijua?"

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Wewe unayesomea vitu hivyo?"

Nikamwambia Mama yuko hapa, aongee naye. Mama alikwishanyosha mkono. Yona akasema hapana, hela ya simu inakwisha, na mwambie tu nimesikia. Kisha akakata. Mama aliishika ile simu sikioni muda mrefu, akasema, "Yona? Yona, mwanangu?" Mwezi wa nane akatimiza miaka ishirini na mmoja. Tulipika wali siku hiyo, sijui kwa nini, na ulibaki.

Watu huniambia muda huponya. Hawajui wanachosema. Mama alimpigia kila Jumapili baada ya ibada, mwaka baada ya mwaka, Louisville na baadaye hapa Buffalo tulipohamia kwa ajili ya kazi ya kuhudumia wazee. Yona hakumkosea adabu hata siku moja. Alipokea, akasema shikamoo, akajibu maswali: hajambo, mvua imenyesha, amepata kazi ya kuchoma matofali. Neno Mama halikumtoka. Alipooa, mzee mmoja wa kanisa lake alisimama kama mzazi, na sisi tulisikia baada ya harusi kupita. Mama aliniomba nimsomee mara nyingi ile barua ya majibu, kama vile kuna mstari nilioruka. Uzeeni aliwauliza hata manesi: maziwa huenda wapi yakishanyonywa? Walidhani amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa.

Alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa imefunga mlango hadi tukachimba ili watu waingie kutupa pole. Niliingia chumbani nikampigia Yona. Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake, watatu anao sasa, na kuku.

"Yona," nikasema, "Mama ametutoka."

Nikasikia akiwaambia watoto wanyamaze, na wakanyamaza. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa kilio, kwa matusi, kwa lolote.

"Pole sana, dada," akasema. "Mungu akutie nguvu. Mama yako alikuwa mtu mwema. Alinisaidia sana nilipokuwa mdogo."

Nikamwambia asante, kama unavyomjibu jirani.